Unga wa Siku Moja

Muhogo mchungu haufichi tabia yake. Ukiutafuna mbichi, ulimi unakwambia hapohapo, na mwenye akili anatema. Watu wa mjini wakisikia kwamba kwetu tulikuwa tunaupanda kwa makusudi, wananitazama kama niliyewaambia kwamba tunafuga nyoka. Nawaacha wacheke kwanza. Kisha nawauliza: nguruwe pori akiingia shambani kwenu, atakula muhogo gani? Atakula mtamu. Mchungu ataunusa tu na kuondoka, na nyani hivyohivyo. Mwaka wa neema tulikula mtamu, sisi na nguruwe. Mwaka wa njaa, muhogo uliobaki ardhini ulikuwa mchungu, nasi tulimshukuru Mungu kwamba ulikuwapo.

Tulikaa upande wa Ruponda, baba, mama, mimi na mdogo wangu wa kike. Kati yangu na yeye walizaliwa wengine wawili ambao hawakukaa, ndiyo maana tulipishana miaka mingi. Mimi nilikuwa nimetoka unyagoni mwaka mmoja nyuma, na kama mwali yeyote nilijiona mtu mzima kuliko watu wazima wenyewe. Yeye alikuwa na miaka tisa hivi. Hakuwa anatembea mtoto yule; alikuwa anakimbia au anacheza ngoma. Ukimtuma kisimani, mtungi unafika nusu, na nusu nyingine imemlowesha mgongo kwa kurukaruka kwake. Mama alikuwa akimgombeza huku anacheka. Alisema siku ya huyu kutoka unyagoni, wachezaji wakubwa watatafuta pa kujificha. Unyago wake ulipangwa ufanyike baada ya mavuno.

Mavuno yenyewe hayakuja. Mvua zilinyesha kidogo, watu wakapanda, kisha zikakatika kabisa. Mtama ulisimama mpaka magotini ukanyauka. Baba hakuwapo kuuona, kwa sababu alikuwa Nachingwea kwa Wazungu wa karanga. Matrekta yalitangulia yakivuta mnyororo na kuangusha msitu, na akina baba walifuata nyuma kung'oa visiki na kuvichoma. Alikuja nyumbani mara moja kwa mwezi, macho mekundu kwa moshi, akatusimulia jinsi mashamba yale yatakavyokuwa makubwa hata ndege achoke kuyavuka. Nyumbani kwake hapakuwa na karanga hata moja.

Ndipo ikaja habari kutoka Matambarale kwamba bibi, mama yake mama, alikuwa hoi kitandani na hakuna wa kumnywesha maji. Mama hakuwa na la kuchagua. Alifunga kanga zake mbili kwenye kitambaa, akaniita nyuma ya nyumba penye kinu, akanikabidhi mji.

Katika mji ule kilichokuwa na maana ni muhogo. Mwaka wa kawaida tuliumenya, tukauvundika mpaka ukaota ukungu mweusi, tukaukwangua, tukauanika hadi ukawa makopa makavu ya kugonga kama kuni. Hiyo ni kazi ya wiki mbili, tatu. Lakini njaa ilikuwa haitupi wiki mbili, kwa hiyo tulifanya ule unga wa haraka tunaouita chinyanya. Unamenya muhogo mbichi, unautwanga mbichi vilevile, unaukamua, unautandaza juu ya mwamba juani. Jioni unautwanga tena, kesho unautandaza tena, kesho kutwa hivyohivyo.

"Sikiliza wewe mwali," mama aliniambia. "Siku tatu. Si moja, si mbili. Ukamate mkononi, ukiachia uanguke vumbi tupu. Halafu uonje. Ukiuma ulimi, urudishe juani hata kama nyumba nzima inalia. Umenielewa?"

"Nimekuelewa mama."

"Hata kama nyumba nzima inalia," alirudia, akamtazama mdogo wangu aliyekuwa anaruka kamba ya mgomba uani.

Mama hakujua kusoma. Hakujua kwa nini siku ziwe tatu, kama ambavyo mama yake hakujua, na sitaki mtu aniambie kwamba kwa sababu hiyo hawakuwa na elimu. Mimi ndiye niliyekuja kujua kwa nini, na ujuzi wangu haukumsaidia mtu.

Wiki ya kwanza nilitii. Tulikuwa na mabaki ya makopa, tukayala huku chinyanya ikisubiri juani. Yalipokwisha, ikawa unga wa leo unangojewa kesho kutwa, na tumbo halijui kesho kutwa ni nini. Mimi ningeweza kuvumilia. Nilikuwa nimevumilia makubwa zaidi unyagoni, na nilijivunia. Lakini mdogo wangu alilia. Hakulia kwa kelele, angelia kwa kelele ningempiga kofi yakaisha. Alikuwa anakaa karibu na mwamba, mikono ameikumbatia kwenye tumbo, anautazama ule unga mweupe unavyokauka, na machozi yanateremka yenyewe kama vile hayamhusu.

"Dada, nipe wa juu tu," alisema. "Wa juu umekauka."

Mwenye njaa hana miiko, wanasema. Ni kweli, lakini mwenye njaa alikuwa yeye, na mwiko ulikuwa wangu mimi. Nilimwambia angoje. Akangoja. Jua lilipopinda nikaona midomo yake imepauka na anatikisa kichwa kidogokidogo kama mzee, nikashindwa. Nilimpenda kuliko nilivyomwogopa mama. Nikachota ule wa juu, ulikuwa bado na unyevu na unashikana mkononi, nikasonga ugali mdogo nikampa na mlenda. Alikula akamaliza, akalamba vidole, akaniangalia akacheka. Saa ileile akaanza kuruka.

Hakuna kilichotokea siku ile, na hicho ndicho kilichoniponza. Angetapika hapohapo ningeshika adabu yangu. Nilijiambia kwamba siku tatu za mama ni mambo ya wazee, wanaopenda kila kitu kiwe kigumu ili waonekane wanajua. Siku ya tatu ikawa ya pili, na ya pili ikawa ya kwanza. Niliuonja ule unga, nikauona mchungu, nikautemea pembeni asinione, kisha nikaongeza mlenda ili uteleze. Mimi mwenyewe nilikula kidogo. Nilimsukumia yeye sehemu kubwa ashibe, nikajiona dada mwema sana.

Mambo yalikwenda hivyo kwa kama wiki tano. Ndani ya wiki hizo alianza kupata kizunguzungu baada ya kula. Mara mbili alitapika. Alisema kichwa kinamzunguka na moyo unakimbia, nami nikamwambia ni njaa, kula tena.

Palikuwa na mama mmoja mjane, jirani yetu, ambaye alianika muhogo wake kwenye mwamba uleule, upande wa pili. Alikuwa mtu mpole, maneno machache, watoto wake wote walikwishakufa. Asubuhi moja alinikuta natandaza, na jioni ya siku hiyohiyo akanikuta nakusanya.

"Mwanangu," aliniuliza, "huo umeuanika lini?"

"Juzi," nikasema.

Aliinama akachota kwa vidole vitatu, akanusa, akagusa ulimini, akatema. "Huu ni wa leo. Bado una hasira huu. Uache jua liufanyie kazi."

Sasa mimi nina ulimi mbaya, sikuanza jana. Nilisimama na ungo wangu nikamwambia, "Mama, kila nyumba ina mwenyewe. Kwani mdogo wangu amekuja kulia njaa kwako?"

Alijifuta vidole kwenye kanga, akaenda kwake. Baadaye alirudi na bakuli la kunde, si nyingi, kunde ambazo bila shaka alikuwa akizihesabu moja moja. Akasema, "Mchanganyie mtoto, muhogo peke yake mwaka huu si wa kuuamini." Nikamwambia tuna mboga. Alisimama kidogo, bakuli mkononi, kisha akaondoka nalo.

Siku chache baadaye nilimpeleka mdogo wangu kutafuta kuni mbali, kwa sababu karibu zilikwisha. Tulitembea kutwa. Wakati wa kurudi alilalamika miguu mizito, nikamtania kwamba mcheza ngoma gani huyu anayeshindwa na mzigo wa kuni. Akacheka, akajikaza, akafika.

Asubuhi yake aliniita. Alikuwa amekaa kitandani, miguu ameinyoosha mbele, anaitazama.

"Dada, inakataa."

Nilidhani anadeka. Nikamshika kwapani nikamsimamisha. Magoti yaligongana, vidole vya miguu vikachimba chini, visigino havikufika ardhini, na miguu yote miwili ikatetemeka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona kwa mtu wala mnyama. Haikuwa imelegea. Ilikuwa imekakamaa. Akaniangukia. Hakuumwa mahali popote, hakuwa na homa, hakuwa ameanguka njiani, hakuwa ameumwa na nyoka. Alilala mzima akaamka hivyo.

Mama alifika siku ya tatu, maana nilimtumia habari kwa mtu aliyekuwa anakwenda Ruangwa kwa njia ya Matambarale. Aliingia bila hata kutua mzigo wake, akamshika miguu mtoto, akaipapasa, akaikunja, ikakataa kukunjika. Hakupiga kelele. Alitoka nje akakaa juu ya kinu kilicholala, akaniita, akaniuliza swali ambalo nalisikia mpaka leo.

"Nani ameusogelea unga wenu?"

Hakuniuliza niliuanika siku ngapi. Angeniuliza, nadhani ningesema. Nimejiambia hivyo miaka mingi, kwamba ningesema. Lakini aliuliza nani, na mimi nilikuwa na jibu, na jibu lenyewe lilikuwa la kweli. Nikasema, "Jirani alikuja. Alichota kwa vidole akanusa, akaonja, akatema. Kisha akaleta kunde, nikazikataa."

Nilimwona mama usoni akifika mahali alipokuwa anatafuta. "Ulifanya vizuri kuzikataa," aliniambia.

Sikusema neno baya juu ya yule mama. Sikumwita mchawi. Nilitaja tu alichokifanya, nikanyamaza juu ya nilichokifanya mimi, na watu wakamalizia wenyewe. Wiki ile hakuna mwanamke aliyeanika naye mwambani. Kisimani walimpisha, si kwa heshima. Mjomba wetu, kaka yake mama, alikuja akasimama mlangoni kwake akasema maneno ambayo sitayaandika. Mjane asiye na mtoto hana wa kumsemea. Alifungasha sufuria zake na mkeka, akaenda Kilimarondo alikokuwa na kaka yake, mbali huko ambako tembo wanalala karibu na mashamba. Alipita mbele ya nyumba yetu. Mimi nilikuwa natwanga. Niliendelea kutwanga.

Baba alimpeleka mdogo wangu hospitali ya misheni kwa baiskeli, amemfunga na kanga asidondoke, na mimi nikatembea nyuma. Sista mmoja wa Kizungu alimpima, akamgonga magoti na kijiti, miguu ikaruka juu kwa nguvu. Alisema mifupa haijavunjika. Walimkanda mafuta, walimfundisha kusimama kwa fimbo mbili. Baada ya miezi mitatu aliweza kuvuka ua: anatupa fimbo mbele, anaivuta miguu, magoti yanapigana, anakwenda kwa ncha za vidole. Walimwambia baba kwamba hapo ndipo pa mwisho. Hatazidi kuharibika, wala hatapona.

Unyago wake ulifanyika mwaka uliofuata, mvua zilipokuwa nzuri. Shangazi alimbeba mgongoni kumwingiza, akambeba kumtoa. Wasichana wenzake walicheza, vumbi likapanda, na yeye alikaa kwenye mkeka amepakwa mafuta, amevaa shanga, anapiga makofi. Alipiga makofi kwa mdundo sawasawa, hakukosea hata mara moja. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia mpaka nikatapika.

Mimi sikurudi kukaa nyumbani. Wakati wa kumuuguza nilikuwa nasugua sakafu za wodi ili nisikae bure, yule sista akanipenda kwa usafi wangu, akaniajiri. Nikajifunza kusoma, nikafundishwa kufunga vidonda, nikapewa gauni la buluu. Mama alifariki mwaka wa tatu wa kazi yangu, kwa homa ya siku nne. Alikufa akiamini kwamba binti yake alirogwa na mjane. Nataka niseme ukweli hapa, maana sehemu nyingine zote nilichelewa: katika msiba ule, ndani ya kilio changu, nilijisikia nafuu.

Hospitalini palikuwa na dresa, msaidizi wa daktari, mtu wa makamo kutoka Ruangwa, mcheshi, anayependa kufundisha hata asiyetaka. Siku moja aliletwa mtoto anatapika na kupumua kwa shida. Alipopata nafuu, dresa alimuuliza mama yake alikula nini. Muhogo, akasema. Mliuanika siku ngapi? Yule mama akaangalia chini. Dresa hakumgombeza. Mimi nilikuwa nimeshika beseni, nikalikuta limeinama na maji yanamwagika sakafuni.

Nikamwomba anieleze. "Nikueleze au nikuonyeshe?" akasema. Alitaka unga wa muhogo wa namna tatu, nami nikauandaa kwa mkono wangu, kutoka shamba la kwetu. Nilitwanga wa kwanza nikauanika siku tatu. Nilitwanga wa pili nikauanika siku moja. Wa tatu niliutwanga asubuhi ileile. Tukaweka kila mmoja kwenye chupa yenye mdomo mpana na maji kidogo. Halafu akachukua ile dawa ya manjano tuliyowapaka watu walioungua moto, akaichanganya na magadi, akachovya vipande vitatu vya karatasi. Akavining'iniza ndani ya chupa, kimoja kimoja, visiguse unga, akaziba vizibo.

"Sasa kafanye kazi zako," aliniambia. "Mchana tutaangalia."

Kabla sijaondoka alinisimulia. Alisema ndani ya muhogo mna vitu viwili vinavyokaa nyumba moja, vyumba mbalimbali. Kimoja ni kama sukari iliyofungwa pamoja na sumu. Ikiwa imefungwa hivyo, imelala, haiwezi kukimbia wala kuyeyuka hewani. Cha pili ni mkataji. Muhogo ukiwa mzima havikutani. Ukiutwanga, kuta zinavunjika, mkataji anaifikia ile sukari na kuikata. Sukari inabaki upande mmoja, na upande wa pili unatoka kitu kingine kabisa, nacho hakidumu, kinavunjika tena kuwa hewa. Hewa hiyo ndiyo sumu.

"Kwa hiyo tunapotwanga ndipo tunapoizaa sumu?" nikauliza.

"Na ndipo mnapoitoa," akasema. "Kazi ni ileile moja. Mkiipa nafasi na jua, inapanda juu na kwenda zake, mnabaki na unga. Mkiila kabla haijaondoka, mmeifungulia mlango halafu mkaifungia ndani ya tumbo."

Mchana tukarudi. Karatasi ya chupa ya siku tatu ilikuwa ya manjano kama tulivyoiacha. Ya muhogo wa asubuhi ilikuwa nyekundu iliyoiva, rangi ya tofali. Na ile ya siku moja nayo ilikuwa nyekundu. Niliisogeza dirishani, nikaitazama, nikaigeuza. Nyekundu.

Dresa aliniona, nadhani alielewa, maana alianza kuongea harakaharaka. Alisema mwaka wa ukame muhogo unazidisha uchungu, labda hata siku tatu zisingetosha. Alisema mtu akila na samaki, maharage, kunde, karanga, mwili wake unapata nguvu ya kuivunja ile sumu, lakini akila muhogo mtupu wiki kwa wiki inamshinda, na wako wanaoamka asubuhi miguu imekakamaa. Alitaka kunifariji. Mimi nilikuwa nasikia kunde, kunde, nikaliona lile bakuli.

Niliomba ruhusa ya wiki moja. Nilipanda lori mpaka lilipoishia, nikaungana na wanawake waliokuwa wanarudi Kilimarondo na chumvi, tukatembea siku moja na nusu, tukipita kando ya mavi ya tembo yaliyokuwa bado na joto. Wenzangu walinicheka jinsi nilivyokuwa nashtuka. Nilipouliza habari za yule mama nilitegemea kuonyeshwa kaburi, na nakiri kwamba nusu yangu ilitaka hivyo.

Alikuwa hai. Alikuwa amekaa mbele ya kibanda kidogo kwenye uwanja wa kaka yake, anabangua mbegu za maboga, mgongo umepinda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alinitazama muda, akakunja macho. Nilianza kutaja jina la baba yangu, akanikatiza. "Nakujua. Mdogo wako anatembea?"

Miaka ile yote hakuna aliyemfikishia habari. Aliondoka akiwa anajua tu kwamba mtoto amelala na hawezi kusimama, na alikuwa amekaa na swali hilo. Nikapiga magoti. Nikamwambia kwa fimbo mbili. Nikamwambia na mengine: juzi niliyoisema ikiwa leo, wiki tano, swali la mama, jibu langu, karatasi nyekundu. Nililia nikashindwa kumaliza sentensi. Aliniacha nilie, hakunibembeleza wala hakunifukuza.

"Nilijua unga ule ulikuwa wa leo," alisema. "Nilijua nimesingiziwa. Lakini ningebishana na nani, mwanangu? Mama yako alikuwa na mtoto asiyesimama."

"Nisamehe, mama."

"Mimi nimeshazeekea huku. Umekuja kwa miguu yako, basi, mambo yangu na wewe yamekwisha." Alipuliza maganda kwenye ungo. "Ila aliyepoteza miguu si mimi. Umemwambia?"

Sikuwa nimemwambia. Nilikuwa nimevuka pori kumwambia jirani, na mdogo wangu niliyemwosha, niliyembeba, sikuwa nimemwambia.

Nilikwenda moja kwa moja kutoka Kilimarondo mpaka nyumbani, sikupita hospitali. Ilikuwa saa za alasiri. Baba alikuwa shambani. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na saba sasa, sura nzuri, mikono yenye nguvu kwa sababu ya fimbo. Alikuwa amekaa kivulini anasuka ukili. Mikeka yake ilikuwa inatafutwa mpaka Ruangwa. Alifurahi kuniona, akaniuliza vumbi lote hili umelitoa wapi dada, umegaragara na punda? Sikucheka. Nikakaa mbele yake nikamwambia, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, sikujipunguzia kitu. Nilimwambia kwamba si mchawi, si Mungu, si bahati mbaya. Nilimwambia jinsi alivyokaa karibu na mwamba akilia, nikashindwa kuvumilia kilio chake, nikachota unga wa siku moja nikampa.

Vidole vyake viliendelea na ukili wakati wote nikisema. Nilipomaliza vikasimama. Nilingoja anitukane. Nilitamani anirushie fimbo. Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, na hata kwa msamaha wake nilikuwa nimejiandaa, maana ni mtu mwema. Hakunipa kimojawapo. Alikuwa anatazama miguu yake, na usoni mwake niliona amerudi kule mwambani, mtoto wa miaka tisa, anajitazama analia. Nikaelewa nilichokuwa nimekifanya, lakini maji yalikwishamwagika.

"Kwa hiyo dada," aliniuliza taratibu, "siku ile nisingelia, ungengoja mpaka siku ya tatu?"

Ningengoja. Nilimwambia hapana.